Kutu kwenye Raleigh kuukuu: wekeni msasa pembeni

Wenye baiskeli za zamani hapa Kampala, Jinja na Busia, nawaomba sana, msikimbilie msasa wala rangi ya kupuliza. Ile rangi nyeusi ya Nottingham, mji wa Uingereza zilikotengenezwa Raleigh, mara nyingi bado ipo chini ya uchafu, na ukishaikwangua ndiyo basi.

Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kausha. Palipo na kutu paka mafuta ya cherehani, acha mpaka kesho yake, kisha sugua polepole kwa pamba ya chuma namba 0000, ile laini kabisa. Ile ya kusugulia sufuria ni kali mno, itaacha mikwaruzo. Tazama kitambaa unachofutia: kikitoka kahawia, hiyo ni kutu, endelea, kikianza kuwa cheusi, simama, unaondoa rangi. Nembo na mistari ya dhahabu haitaki thina hata tone. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

Kwenye usukani na rimu za kromu tumia foili ya alumini iliyochovywa majini. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haichubui.

Nati na vyuma vidogo loweka kwenye asidi ya oksaliki (kemikali ya unga inayoyeyusha kutu), gramu 20 hadi 30 kwa lita moja ya maji, kwa saa kadhaa. Ni sumu: vaa glavu, fanyia nje, weka mbali na watoto. Suuza kwa maji yenye magadi, kausha papo hapo na upake mafuta, la sivyo kutu mpya hurudi upesi.

Fremu ikishakauka vizuri, ipake nta ya gari.