Siku moja na picha za ndoa: Lubumbashi, kadi mbili na diski tatu

Saa 12 na nusu asubuhi. Umeme uko, na huku mtaa wetu wa Katuba ukiwa uko unautumia kwanza, chai baadaye. Ndoa niliyopiga picha ilikuwa Jumamosi. Kamera yangu inaandika kila picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo moja ililala kwangu na ingine kwa leki, mdogo wangu anayenisaidia, kule Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile nchi), mwizi wa nyumba moja asibebe ndoa yote ya watu. RAW, yaani picha ghafi za kamera, kama 3000, kila moja MB 30 hivi, piga hesabu unapata GB 90.

Saa 1. Leki anafika na wimbo wake uleule, "Yaya, tununue SSD ya kasi, hii diski inatuchelewesha." SSD ni diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, kasi iko, lakini diski haina kosa hapa! Kadi zetu ni za aina ya UHS-I, mwisho wake kwenye karatasi ni MB 104 kwa sekunde, hata uweke SSD ya MB 1000 itakaa inangojea kadi. Iliyokuwa inatumaliza ni ile rida (kifaa cha kusomea kadi) ya zamani ya USB 2, inatoa MB 35 tu, GB 90 ni dakika 40 na zaidi, hii ya USB 3 inamaliza kwa kama 17. Na rida ni dola chache.

Saa 3 umeme ukakatika. Hakuna aliyeshtuka, juu diski zetu ni zile ndogo zinazokula umeme wa laptop kupitia waya wa USB, na betri iko. Zile kubwa za mezani zenye plagi yake zinakupa TB nyingi kwa pesa ndogo, nakubali, ila zikizimika katikati ya kukopi mafaili yanaweza kuharibika.

Saa 5 niko mjini. Natafuta SSD ya TB 1 ya kuhariria na diski mbili za kuzunguka za TB 4 za kumbukumbu. Muuzaji ananiita "patron, kuja huku," anatoa kaboksi kadogo kameandikwa SSD TB 16, dola 35. Nikakashika, kepesi kama kiberiti kitupu. TB 16 gani, hata TB 8 ya kweli ni mamia ya dola! Ndani ya vitu vile mara nyingi kuna kadi ndogo ya memori iliyopangwa kudanganya kompyuta, majina ya mafaili unayaona, kufungua hayafunguki. Nikamwambia basi tuijaze na H2testw hapa hapa kabla sijalipa, ile programu inaandika mpaka diski ijae kisha inasoma yote tena. Akacheka, akainama chini ya meza akatoa zile za kweli.

Saa 7 bukari (ugali) na samaki tomsoni. Mama ya bibi arusi anapiga simu, "Mwanangu, si utie zote kwenye intaneti leo zisipotee?" Mama, kwa Mbit 5 kwa sekunde (Mbit nane njo MB moja) GB 90 ni masaa 40, tena bila kukatika. Tukapatana nimtumie JPEG, picha zilizobanwa, ndogo ndogo, familia ya Kolwezi waone.

Saa 8 mpaka 11 kuhariri. Hapa njo kasi ya SSD ina faida, Lightroom, programu ya kuhariria picha, haikuchoshi. Lakini SSD kuifungia kabatini miaka bila umeme sitaki, chaji inayoshika data inavuja pole pole na joto linazidisha. Diski ya kuzunguka ni pole, nyingi za mfukoni ni SMR, mistari ya data inalaliana, ukiandika mfululizo inaanza vizuri halafu inashuka unabaki kuiangalia, ila kwa kumbukumbu nani anakukimbiza?

Saa 12 jioni umeme umerudi, programu ya TeraCopy inakopi na kuhakiki kila faili, diski ya kwanza, kisha ya pili. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh njo alieneza ile kanuni ya 3-2-1 ya kuhifadhi: kopi tatu, aina mbili za vifaa, moja nje ya nyumba. Nje yangu ni kwa tanti (shangazi), kule mtaa wa Bel-Air, ndani ya kabati ya vitenge, na ile kabati hafungulii mtu.

Saa 3 usiku leki ameandika kwamba diski imefika kwa tanti. Sasa nafuta kadi, si kabla. Afu natengeneza fakitire (karatasi ya malipo) ya ndoa ya Jumamosi inayokuja, nimeongeza mstari wa malipo ya diski. Anayetaka bei ya zamani namtunzia picha miezi sita, anayelipa ule mstari miaka mitano.