Ravenala, lemuri na mkaa wetu

Nauza miche pembeni ya Barabara ya Bagamoyo, na kati ya mimea yangu yote hakuna unaosimamisha magari kama Ravenala. Ni ule mti wa majani marefu ya aina ya mgomba, yaliyopangika upande huu na upande huu mpaka mti mzima unafunguka kama feni. Umejaa mbele ya mahoteli na kwenye nyumba za Masaki na Mbezi Beach. Wateja wengi hawajui jina lake. Wananyanyua mikono miwili na kuitanua, nami naelewa. Kisha wanauliza habari za mbu. "Dada, huu hautatuletea mbu?" Nawaambia ukweli: maji ya mvua hutuama kwenye vikonyo vya majani, kwa hiyo usiupande chini ya dirisha la chumba cha kulala. Ninachotamani waulize ni kwao wapi, na huko kwao unaishi na nani.

Kwao ni Madagaska, Bukini ya wazee wetu. Mimi hapa nauzalisha kwa machipukizi: nayachomoa pembeni ya shina, nayatia kwenye viriba vikubwa vyenye samadi na mchanga, basi. Kule msituni mti huu unamtegemea lemuri, mnyama wa mitini wa huko huko Bukini. Aliyenieleza kwanza ni kijana wa bandarini aliyewahi kufanya kazi Toamasina, bandari ya huko Bukini, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za wanyama hawa kila nikipata nafasi.

Ua la Ravenala limefungwa ndani ya magamba magumu. Nimejaribu kulifungua kwa vidole, na vidole vyangu vimezoea kazi, lakini halifunguki kirahisi. Lemuri wa rangi nyeusi na nyeupe, mnyama wa kilo tatu au nne, huyavuta yale magamba kwa mikono, kisha huzamisha pua yake ndefu na ulimi hadi kwenye maji matamu ya ua. Akiutoa uso, manyoya ya puani yamejaa chavua, na mti unaofuata anaufikia na chavua hiyo hiyo usoni. Wataalamu wanasema hakuna mnyama mkubwa kuliko yeye duniani anayefanya kazi hii ya kuchavusha. Sisi tumezoea kuhesabu nyuki, vipepeo na popo.

Lemuri si nyani wala si kima. Ni ndugu wa komba, huyu huyu anayewasumbua wagema kwa kufuata tembo juu ya minazi. Pua yao ina unyevu. Meno ya mbele ya chini yamebanana na kulala, wanachania nayo manyoya. Kidole cha pili cha mguu kina ukucha mrefu wa kujikunia, ilhali vingine vingi vina kucha bapa mithili ya zetu. Mababu wa lemuri walitoka bara letu makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, na wataalamu wengi wanaamini walivushwa na magogo na mimea iliyokuwa ikielea baharini. Bukini hapakuwa na kima wa kushindana nao, wakazaliana hadi kuwa aina zaidi ya 100 ambazo asili yake haipo mahali pengine popote.

Babakoto ndiye mkubwa kuliko wote walio hai leo, na kila asubuhi huimba pamoja na familia yake, sauti ikavuka bonde hadi bonde. Mwaka 2021 watafiti walichapisha kwamba nyimbo zake zina mapigo yaliyopangika kwa namna inayofanana na muziki wa binadamu. Katika misitu mikavu ya Menabe, upande wa magharibi, yupo mdogo wa gramu 30 hivi, aliyepewa jina la Berthe Rakotosamimanana, mwanasayansi wa Kimalagasi. Gramu 30! Mfuko wangu wa mbegu za mchicha unamshinda.

Na hawa wote wanaisha. Julai 2020, IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, ilitangaza kwamba kati ya aina 107 za lemuri zilizobaki, 103 zinatishiwa kutoweka, na 33 kati yake zimo katika daraja la hatari kubwa kabisa. Babakoto yumo. Yule wa Menabe yumo. Mchavushaji wa Ravenala yumo. Wengine huwindwa kwa nyama, wengine hukamatwa kufugwa, na babakoto huzaa mtoto mmoja tu kila baada ya miaka miwili au mitatu, kwa hiyo ukiua mama umeacha pengo lisilozibika upesi. Lakini kinachowamaliza zaidi ni kukosa msitu. Watu hufyeka na kuchoma wapate shamba la mpunga. Menabe wanasafisha msitu kwa ajili ya mahindi na karanga, wengi wao wakiwa wamekimbia ukame wa kusini. Na kote wanakata miti ya mkaa.

Nikifika hapo siwezi kuwanyooshea kidole. Mkulima anayekimbia ukame ana watoto wa kulisha, na sisi Dar tunajua gunia la mkaa limetoka wapi. Ndiyo maana uhifadhi ninaouamini ni ule unaompa jirani wa msitu riziki. Kianjavato, kusini-mashariki ya Bukini, wanakijiji wanalipwa kuotesha miche ya kurudisha msitu, na mbegu nyingine huokotwa kwenye kinyesi cha lemuri. Mimi mbegu yenye ganda gumu nailoweka kwenye maji ya moto kwanza. Kule tumbo la mnyama limeshaimaliza kazi hiyo. Nikisoma habari za vitalu vile najiona nina wenzangu ng'ambo ya bahari.

Sasa turudi kwetu. Katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, mwendo mfupi kutoka Gongo la Mboto, anaishi komba mdogo sana wa Rondo. Amebaki kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania, na amewahi kuwekwa kwenye orodha ya jamii 25 za ukoo huu wa kima na komba zilizo hatarini zaidi duniani. Adui yake ni shoka na tanuru la mkaa. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mimi naupokea kwa mikono miwili, ila mama lishe ninayekula kwake kila mchana ananiambia mtungi wa gesi ukiisha katikati ya mwezi, anarudi kwenye mkaa wa kupima kwenye kopo. Bei ya kujaza mtungi ndiyo itakayoamua kama Pugu itabaki na miti.

Nenda Pugu ukawaone, pamoja na mwongozaji na kwa ruhusa. Usiku chukua tochi yenye mwanga mwekundu, haiwaumizi macho. Na ukimkuta mtu barabarani anauza komba ndani ya boksi, usimnunue hata kwa huruma, maana pesa yako ndiyo inayomrudisha msituni kesho akamate mwingine. Kumfuga bila kibali ni kosa kisheria. Watafute maofisa wanyamapori wa wilaya, uwaeleze ni wapi umemwona.