Mvunja kiapo na bakora yake: nilivyomjenga hadi ngazi ya 9

Mezani kwetu Ngamiani, Tanga, hatusemi "paladini mweusi". Weusi ni sisi sote, neno halitofautishi kitu. Tunamwita mvunja kiapo: askari mtakatifu aliyeapa, akakiuka, akabaki na nguvu zilezile zikiwa zimegeuka chungu. Ninazungumzia Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, kwa sheria za 2014. Za 2024 zimelifanya pigo takatifu kuwa uchawi unaokula tendo dogo la zamu, na mhusika huyu anaishi kwa tendo dogo, kwa hiyo hesabu za hapa chini usizihamishe huko.

Omba ruhusa kwanza. Mvunja kiapo yumo kwenye kitabu cha msimulizi, yule anayeuongoza mchezo, hayumo kwenye cha wachezaji, na masharti yake ni mawili: awe mwovu, na awe amefika ngazi ya 3. Ngazi ya 1 na 2 unacheza paladini wa kawaida. Mimi humwambia msimulizi mapema ni kiapo gani kitavunjwa na kwa sababu gani, ili asije akashtuka katikati ya safari.

Alama za kununulia sifa za mhusika ni 27. Binadamu wa aina ya pili, yule anayepewa kipaji tangu ngazi ya 1, ndiye ninayemchukua. Nguvu 15, Haiba 15, Ustahimilivu 14, Busara 10, Wepesi 8, Akili 8: zimekwisha 27 kamili. Zile nyongeza mbili za binadamu zinaenda kwenye Nguvu na Haiba, zote zinakuwa 16. Wepesi wa 8 unatisha kwenye karatasi, lakini deraya nzito haihesabu Wepesi, kwa hiyo unachopoteza hasa ni kuanza zamu ukiwa nyuma na kuteseka ukirushiwa moto. Ngazi ya 4 Nguvu inapanda hadi 18, ya 8 Haiba hadi 18.

Kipaji ni kile cha silaha za mpini mrefu. Kinakupa shambulio la ziada kwa kitako cha mpini, dadu ya pande 4, kila zamu unaposhambulia; ndilo linalokula tendo dogo. Wengi hapo hukimbilia panga la mpini mrefu lenye dadu ya pande 10. Nami nilianza nalo, kisha nikakaa na kalamu. Panga lina wastani wa 5.5. Bakora ya kawaida, ile ya vipande 2 vya fedha, ukiishika kwa mkono mmoja ina dadu ya pande 6, wastani 3.5. Lakini mtindo wa kupigana kwa silaha moja mkononi unaongeza 2 kila pigo, unafika 5.5 ileile. Kitako nacho kinapata hiyo 2, na mkono wa pili umebeba ngao. Ukiwa na deraya ya mabamba kinga yako, yaani namba ambayo adui lazima aifikie ili akupate, ni 20, wakati mwenye panga, hata akichukua mtindo wa kujilinda, ana 19. Alichokuzidi ni urefu tu: anafikia miraba 2, wewe mmoja. Basi paladini wangu anatembea na bakora kama mzee anayetoka msikitini.

Deraya hiyo ya mabamba ni vipande 1,500 vya dhahabu na inataka Nguvu 15. Hadi uipate, vaa ya minyororo, kinga 16, na ngao inaifikisha 18.

Sasa ngazi ya 7, ambayo ndiyo sababu ya kumvumilia mtu huyu. Duara la chuki linaongeza Haiba yako kwenye kila pigo la silaha ya mkononi. Kwa Nguvu 18 (nyongeza 4) na Haiba 16 (nyongeza 3), bakora inatoa 5.5 na 4 na 3, yaani 12.5, kwa mapigo yako mawili ya zamu, kitako 11.5. Yote yakipata ni 36.5 bila kutumia uchawi wowote. Bila duara ingekuwa 27.5. Ndiyo maana mapigo mengi madogo yanamfaa kuliko pigo moja kubwa, na ndiyo maana simshauri mtu kuchanganya kazi nyingine kabla ya 7. Ngazi ya 6 nayo usiiruke: zindiko lako linaongeza Haiba kwenye dadu za kujinusuru, zako na za rafiki aliye ndani ya futi 10.

Kuna mtego. Duara la chuki halichagui upande: linampa nyongeza kila shetani na mfu anayetembea ndani ya futi 10, hata adui. Ramani tunazichora kwenye daftari la hesabu, mraba mmoja futi 5, na misukule ni vifuniko vya soda. Nilisukuma changu katikati ya vifuniko vinne nikiwa na raha zangu, msimulizi akanyanyua kidole: "Bwana wee, na hao wanapata!" Kila kifuniko kikaanza kunipiga kwa 3 zaidi, kwa chuki yangu mwenyewe. Tangu siku hiyo, tukikutana na wafu nasimama pembeni na kumla mmoja mmoja.

Pigo takatifu, yaani madhara ya ziada unayolipia kwa nafasi ya uchawi: amua baada ya kuona umepata. Nafasi ya uchawi ya ngazi ya kwanza inatoa dadu 2 za pande 8, ya pili 3, na ukipata 20 kwenye dadu ya shambulio zinazidishwa mara mbili. Wapo wanaosubiri 20 tu. Kwa mashambulio matatu kwa zamu, uwezekano wa kuiona angalau mara moja katika zamu nne ni kama asilimia 46, maana yake zaidi ya nusu ya mapigano yataisha umezikumbatia nafasi zako. Mimi naweka nafasi za pili kwa ajili ya 20. Za kwanza nazitumia mapema, kwa yule ambaye akifa sasa hatapata zamu nyingine.

Mikono miwili ikijaa, uchawi unakwama. Chora alama takatifu kwenye ngao. Hapo uchawi unaohitaji kitu mkononi, kama baraka ya kuwaongezea watatu dadu ya pande 4, unapita. Ule wa kulipiza kwa moto, ambao mvunja kiapo anapewa bure ngazi ya 3, unataka ishara ya mkono bila kitu, kwa hiyo mwenye bakora na ngao hauwezi. Giza nalo, uchawi mwingine, niliache. Linawapofusha wenzako kabla ya adui.

Sura ya kutisha, nguvu yake ya kuwatia adui hofu, inakula tendo zima na inapatikana mara moja hadi upumzike. Kila unayemchagua ndani ya futi 30 anajinusuru kwa Busara; kwa Haiba 16 ngazi ya 7 anahitaji jumla ya 14. Aliyeogopa anashambulia kwa dadu mbili na kuchukua ndogo, na hawezi kukusogelea kwa hiari. Kumtoa hofu ni kazi: hapati kujaribu tena mpaka amalize zamu akiwa mbali zaidi ya futi 30. Kwa hiyo usiitumie uwanjani. Pango letu la mchezoni limeigwa kutoka mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kutoka mjini, vichochoro vya chokaa vya mraba mmoja na chumba kisicho na mlango wa pili. (Matambiko ya watu kule hatuyaingizi mchezoni.) Ziba mlango wewe, watishe, hawana pa kukimbilia. Hasara yake: kipaji cha mpini kinakupa pigo la bure adui anapoingia eneo lako, na mwenye hofu haingii. Chagua kimoja.

Kumteka mfu anayetembea kunakula ile nafasi moja ya sura ya kutisha, na kunadumu saa 24. Sharti kiwango chake cha hatari kiwe chini ya ngazi yako. Msukule wa zimwi, kiwango cha 2 na uhai 85, unatekeka tangu ngazi ya 3, na ni ngao bora kuliko rafiki yeyote.

Ngazi ya 9 unaanza kufuga wafu wa kwako, unaowainua kwa uchawi. Una nafasi mbili tu za uchawi za ngazi ya tatu kwa siku, na moja itaenda kila siku kuwashika mifupa wasikugeuke. Inatosha hadi wanne. Wape panga fupi, usiwape upinde, maana duara halihesabu mishale. Kwa Haiba 18 kila mfupa unatoka 5.5 hadi 9.5. Uhai wao ni 13 tu: tufe moja la moto na vifuniko vyote vinarudi kwenye kopo.