Kulinyamazisha tanki la samaki katika nyumba ya mawe

Maji yanayoshuka ndani ya bomba lililojaa pomoni hayana sauti. Ukilisikia tanki la samaki likikoroma, likigugumia au likifyonza, ujue kwamba ndani ya bomba mna hewa inayogombania njia na maji, na kwamba huna budi kuchagua moja kati ya mawili: ama uitoe hewa hiyo yote, ama uipe njia yake yenyewe ipite bila kushindana. Mabomba mengi yenye kelele ninayoyaona yamekaa katikati ya hali hizo mbili, ndiyo maana hayatulii hata yakizongwa sponji na matambara.

Tanki langu lina maji ya chumvi kiasi cha lita 300, nalo liko Mkomani, hapa Lamu, katika nyumba ya mawe ya zamani. Kuta nene za matumbawe huzuia sauti isimfikie jirani, lakini ndani ya chumba mambo ni kinyume, kwa sababu lipu ya chokaa ni ngumu na sauti huruka kutoka ukuta hadi ukuta. Vyumba vyenyewe ni vyembamba, mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa kuwa upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Tena mitaani hamna magari, na baada ya sala ya Isha kelele ambayo mtu wa Mombasa asingeitambua huku hujaza nyumba nzima. Mama mkwe wangu alipolala kwetu aliniuliza asubuhi, kwa upole wake wote, "Mwanangu, hilo bomba lenu mbona halifungwi usiku?" Wazee wetu nao walifuga visamaki katika birika la chooni ili wale viluwiluwi vya mbu, na hawakuhitaji bomba wala pampu, sisi tumejitakia wenyewe.

Mpangilio ni huu. Pampu iliyo katika tanki la chini, ndani ya kabati, hupandisha maji hadi tanki la juu. Yanayozidi huvuka ukingo wenye meno, huangukia chumba chembamba cha pembeni, kisha hushuka kwa bomba kurudi chini. Kelele huzaliwa ukingoni, ndani ya bomba, au pale bomba linapomwaga, na ni vyema kusogeza sikio kila mahali kabla ya kununua chochote.

Njia ya kuipa hewa nafasi yake hujulikana kwa jina la Richard Durso, mfugaji aliyeieneza. Ndani ya chumba hicho cha pembeni, yaani cha kufurikia, husimamishwa bomba la wima, juu yake hufungwa ti, kiungo chenye matundu matatu, tundu la pembeni la ti huvishwa elbo, yaani kiungo cha kona, inayotazama chini ili mdomo wake uzame majini, na tundu la juu hufunikwa kwa kifuniko kilichotobolewa kitundu kidogo. Maji huingia kwa elbo na kuteremka yakiambaa ukuta wa bomba, nayo hewa huingia kwa kitundu na kushuka katikati. Siri yote iko katika ukubwa wa kitundu. Kikiwa kidogo mno, bomba hujaa, huvuta maji kwa nguvu hadi chumba kikaribie kukauka, hufyonza hewa kwa mkoromo mkubwa, huacha, kisha huanza upya, mithili ya choo kinachojipiga maji chenyewe usiku kucha. Kikiwa kikubwa mno, hewa huingia kwa mvumo na maji hugugumia. Badala ya kutoboa na kubahatisha, chomeka kwenye kifuniko mpira mwembamba wa hewa wenye kikoki chake, ukifungue na kukifunga kidogokidogo huku ukisikiliza. Njia hii ni rahisi na huvumilia makosa, ila hufaa pale tu bomba linapokuwa pana kuliko maji yanayopita. Bomba la inchi 1½ hutulia pale ambapo la inchi 1 hukoroma.

Mimi ninapendelea njia ya pili, ya kuitoa hewa yote. Hapa bomba huachwa lijae kabisa liwe sifoni, yaani livute maji bila hewa ndani yake, na karibu na mwisho wake, ndani ya kabati, hufungwa valvu inayobana maji yasishuke haraka kuliko yanavyoletwa na pampu. Ugumu wake ni kwamba sifoni haijirekebishi vya kutosha: maji yakipanda kidogo chumbani, kasi ya kushuka huongezeka kwa kiasi kisichotosha kurudisha usawa, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kulinganisha valvu na pampu sawasawa kwa siku nzima. Kwa hiyo lazima liwepo bomba la pili, refu kidogo kuliko la kwanza. Ukiifunga valvu polepole hadi utando mwembamba tu wa maji uvuke mdomo wa bomba hilo na kuteleza kwenye ukuta wake wa ndani, utando huo ndio unaobeba tofauti yote, nao hausikiki. Mpangilio huu huitwa Herbie. Upo pia wa mabomba matatu, uitwao BeanAnimal, ambamo la tatu hubaki kavu kwa dharura. Wenye nafasi katika chumba cha kufurikia wauchukue huo, kwani una usalama zaidi.

Kuhusu valvu nina maneno mawili. Koki ya mkono, ile inayofunguka kwa robo mzunguko, haifai, kwa sababu ukiigusa kidogo tu umepita kipimo. Inayotakiwa ni geti, inayozungushwa mara nyingi na kusogea kwa unywele. Lakini geti zinazojaa madukani kwetu ni za shaba ya manjano, ambayo ndani yake mna shaba nyekundu, na shaba hiyo ikimomonyoka majini huua kamba, konokono na matumbawe kabla samaki hawajaonyesha dalili yoyote. Agiza ya plastiki, hata ukiambiwa usubiri meli ijayo.

Mwisho wa bomba la sifoni uzame chini ya uso wa maji ya tanki la chini kwa sentimita 2 au 3, basi. Ukiwa juu ya maji utasikia mmwagiko na kuona mapovu. Ukizama sana, hewa iliyomo bombani itashindwa kusukumwa nje pampu inapowashwa, na sifoni haitashika. Hapa kwetu umeme hukatika na kurudi usiku watu wamelala, kwa hiyo mfumo usioweza kujianzisha wenyewe hauna maana hata ukiwa kimya namna gani. Mngurumo wa dakika moja au mbili baada ya umeme kurudi ni wa kawaida. Ukizidi hapo, tafuta kipande cha bomba kilicholala mlalo, kwani hewa hupenda kujificha humo. Pale kona inapohitajika, elbo mbili za nyuzi 45 hupitisha maji kwa utulivu kuliko moja ya nyuzi 90.

Ukingoni dawa ni fupi: inua kimo cha maji katika chumba cha kufurikia hadi yaanguke sentimita chache tu. Nao mvumo mzito wa pampu, ambao wengi hudhani unatoka bombani, hutokana na mtikisiko unaopita kwenye mabao ya kabati. Kipande cha ndara kuukuu chini ya pampu, na mpira laini badala ya bomba gumu pale pampu inapoungana na bomba la kupandishia, humaliza sehemu kubwa.

Kelele ikirudi baada ya wiki kadhaa usikimbilie valvu. Msimu wa kaskazi maji hukauka haraka, na upungufu huo hauonekani tanki la juu, ambalo kimo chake kimewekwa na ukingo, bali katika kijichumba cha pampu ndani ya tanki la chini. Maji yakishuka humo, maporomoko ya tanki la chini hurefuka na pampu huanza kumeza hewa. Ongeza maji baridi, yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi haikuondoka na mvuke. Kama kimo kiko sawa, chungulia chujio la sifoni: konokono mmoja aliyekwama hapo hutosha kuharibu kipimo chote. Bomba la dharura, ambalo katika Herbie ni lile la pili, lisiwe na chujio wala valvu hata siku moja, na kabla ya kuuamini mfumo, funga geti kabisa ukiwa umesimama hapohapo na pampu ikiwa kazini, uone kama bomba hilo pekee linaweza kubeba maji yote bila tanki la juu kumwagika. Likishindwa, punguza pampu au panua bomba.