Vyombo vya watu kwenye kabati la mama

Mama alifariki alfajiri ya Alhamisi, akaswaliwa baada ya adhuhuri, na alasiri haijaadhiniwa tayari yuko chini ya udongo. Saa hizo mimi nilikuwa kwenye korido ya kazini Leicester, Uingereza, naomba ruhusa. Kwetu maiti haicheleweshwi kwa ajili ya mtu, na sikumlaumu yeyote. Nilikuja msibani nikakaa siku tisa, nyumba imejaa watu, nikaondoka bila kugusa kitu. Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, ndipo niliporudi moja kwa moja. Miaka 14 ilikuwa imepita tangu nihame.

Basi liliposimama Muheza nilinunua machungwa dirishani, nikamenya moja papo hapo, machozi yakanitoka. Mama mtu mzima aliyekaa pembeni yangu hakuuliza kitu. Alinipa upande wa kanga yake nijifute, akaendelea kutazama nje mpaka stendi ya Kange.

Nyumba yetu iko Ngamiani, mjini Tanga, kwenye zile barabara za namba. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyebaki nayo. Alikuwa ameshafagia, ameshapiga deki, kila kitu kiko mahali pake, isipokuwa kabati la vyombo. Ufunguo wake aliufunga kwenye pindo la kanga ya mama, akaniwekea. "Hili tulifungue wote, dada," akasema.

Rafu za juu zilikuwa na vyombo vya wageni, vile vikombe vya maua vinavyotoka Idi hadi Idi. Chini, nyuma ya chupa ya chai, kulikuwa na vyombo visivyo vyetu. Hilo hujulikana kwa kugeuza kitako. Vya mama vyote vina nukta tatu za rangi nyekundu ya kucha, alizipaka mwenyewe, na zikififia anapaka tena. Hivi vilikuwa na alama nyingine: bakuli la bati lenye herufi iliyochongwa kwa msumari, sahani yenye mstari wa kijani, hotipoti iliyofungwa uzi mweusi kwenye mshikio, bakuli la udongo lenye nukta mbili za buluu. Aliyekulia mtaani haulizi alama ni za nini. Penye arusi au msiba, vyombo vya nyumba ishirini huoshwa kwenye beseni moja, na jioni kila mtu atoke na chake bila kugombana.

Nilihesabu kumi na moja. Nikatafuta mfuko mkubwa, nikaanza kuvipanga ndani na magazeti katikati visigongane. Nia yangu ilikuwa nivimalize vyote kabla ya magharibi. Mdogo wangu akanitazama tu, kisha akasema, "Unawapelekea na nini ndani?"

"Sipeleki kitu. Narudisha vyombo vya watu."

"Vitupu?"

Alilisema neno hilo kwa sauti ya mama kabisa. Nikakaa chini.

Kwa sababu nilikuwa najua. Nimelelewa humo. Bakuli likija na mbaazi za nazi kutoka nyumba ya pili, halirudi hivihivi. Likioshwa linakaa, linangoja siku ambayo na sisi tumepika cha kupeleka. Na kama siku hazina kitu, mama alikuwa anachuma ndimu mbili za mti wa uani, anaziweka ndani, anasema, "Peleka, mwambie mama salamu." Ndimu ambazo na kwao zipo! Nilikuwa mtoto nikiona tunasumbuana bure.

Mdogo wangu akanieleza ambacho sikukijua. Vile vyombo havikuwa vimesahauliwa. Vilikuja vyote katika miezi mitatu ambayo mama hakuweza kunyanyuka. Hili lilikuja na uji wa mchele wenye tui. Hii ilikuja na supu ya kuku. Ile hotipoti ilikuja na ndizi. Yeye alikuwa anauguza na anakwenda kazini, hakuwa na nafasi ya kupika cha kurudishia, na mama akawa anamwambia kila siku vyombo vya watu visiende vitupu, nikipata nguvu nitapika mwenyewe. Nilikuwa nimeshika mikononi ugonjwa wa mama yangu, bakuli kwa bakuli, na nilitaka kuutia kwenye mfuko na magazeti.

Tulipika siku ya pili yake. Tulichagua mkate wa kumimina kwa sababu ndio uliompa mama jina mtaani. Mchele tuliuloweka usiku kucha, asubuhi tukakuna nazi kwenye mbuzi yake ileile ambayo meno yake yameisha upande mmoja, tukasaga mchele na tui zito, iliki, hamira na sukari. Blenda ipo, hapo sikujisumbua na kinu. Kazi iko kwenye moto. Ukishaumuka unamimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, moto wa chini uwe mdogo, na mkaa mwingi zaidi uwe juu ya mfuniko, uive kwa juu uwe na rangi ya asali bila kuungua kitako. Wa kwanza niliharakisha moto, ukaiva pembeni katikati mbichi. Ulipofika wa tano mkono ukakumbuka. Jioni uani kulinuka iliki kama mwezi wa Ramadhani, na watoto wa jirani wakaanza kupita mlangoni mara mbilimbili.

Bakuli la bati lilikuwa la bibi mmoja anayekaa karibu na msikiti. "Hodi." "Karibu." "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Weye ndiye wa Ulaya?" Hakuutazama mkate. Aligeuza bakuli, akatafuta ile herufi kwa kidole gumba, maana macho yamepungua, akaipata. Kisha akaniambia siku aliyolipeleka: ilikuwa Jumatatu, mvua inanyesha, uji ulikuwa wa moto, na mama alikunywa vijiko viwili, cha tatu akakataa. Vijiko viwili. Mimi mwanawe nilikuwa naambiwa kwenye simu "anakula kidogo", na huyu bibi alikuwa na hesabu kamili. Aliponisindikiza akaniuliza, "Umekuja kukaa, au ndio wale waja leo waondoka leo?" Usemi wetu wa Tanga, kila mtu anautamba, lakini yeye alikuwa anauliza kwa dhati. Nilimjibu nimekuja kukaa. Akaniambia basi kesho nipite, asiye na haraka hupewa habari.

Hotipoti ilikuwa ya fundi baiskeli. Baiskeli mjini kwetu bado zipo ingawa bodaboda zimejaa, na yeye bado yuko chini ya mwarobaini uleule na spana zake. Alisema ile ni ya marehemu mke wake, akaiweka kando kwa mikono miwili. Hatukuzungumza zaidi.

Nifike kwa jirani wa ukuta mmoja, maana ndiye aliyenifanya niandike. Mama huyu ndiye aliyemwosha mama yangu. Si siku moja: kila asubuhi miezi mitatu, mdogo wangu akishatoka kwenda kazini. Alimgeuza asipate vidonda, alimbadilisha nguo, alimsuka nywele. Alikwenda naye hospitali ya Bombo kila alipolazwa, akalala chini kwenye mkeka pembeni ya kitanda.

Mimi kazi hiyo naijua. Ndiyo niliyoifanya Uingereza miaka yote, kuhudumia wazee, kwanza kwenye nyumba yao ya pamoja, kisha majumbani mwao. Kuna ziara nyingine ni ya dakika 15: unafungua mlango, unamwosha, unamvisha, unampa dawa, unaandika kwenye simu saa uliyoingia na saa unayotoka, unakimbilia kwa mwingine. Nilikuwa naosha mama za watu huku mama yangu anaoshwa na mtu. Wazo hilo nililibeba kila siku, na nilijua kwa shilingi na kwa dakika ni kiasi gani huyu jirani ametufanyia. Kwa hiyo chini ya mkate wake, ndani ya sahani ya mstari wa kijani, niliweka bahasha yenye laki tano. Niliona ni kidogo. Niliona haya kwa uchache wake.

Alikuja baada ya isha. Hakuingia ndani. Alikaa barazani, akanivuta nikae, akaiweka bahasha mapajani mwangu.

"Mwanangu, unataka tuachane?"

Nikaanza kueleza kwamba ni shukrani tu, si malipo. Akaninyamazisha kwa kunishika goti. "Mama yako aliniuguzia mwanangu wa pili surua, wewe ulikuwa hujazaliwa. Sikumlipa. Nilikaa nalo. Sasa na yeye kanidai, na mimi nimemdai, na wewe umenikuta hapa. Ukinilipa leo, kesho utanigongea hodi kwa lipi?"

Nimekaa na swali hilo miezi mitano sasa.

Huko nilikokuwa nilijifunza kinyume chake, na nilikipenda, sitaki kusema uongo. Kulikuwa na mzee mmoja niliyekuwa nakwenda kwake, zaidi ya miaka 80. Nikimnunulia maziwa njiani, nikiingia nakuta sarafu zimepangwa mezani, kamili mpaka ya mwisho. Akinikosa siku hiyo hakai kwa raha. Kwake utu ulikuwa kutomwelemea mtu, kulala kila usiku bila deni la yeyote. Alikuwa mtu wa heshima sana na nilimlilia alipofariki. Lakini siku ya kumzika tulikuwa sita, na wawili tulikuwa tumelipwa kumtunza.

Kwetu hesabu haifungwi makusudi. Bakuli likienda na vitumbua linarudi na ndimu, ndimu zinajibiwa kwa kipande cha samaki, na hakuna siku mtu anasema sasa tumelingana. Nadhani mji wenyewe una sababu. Ngamiani ni watu waliokuja. Babu wa huyu jirani aliletwa kutoka bara kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, akapewa namba yake kama wenzake. Hata mkonge ulikuja mgeni: Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga kwenda bara. Mashamba yakahitaji mikono, mikono ikaletwa, na mtu akijikuta mjini hana shangazi, hana ami, hana wa kumwosha akifa, basi aliyepakana naye ukuta ndiye shangazi na ndiye ami. Lakini undugu usio wa damu huwezi kuuacha ujilishe wenyewe. Unaulisha kwa bakuli.

Hapa nina neno kwa wenzangu mlioko nje. Msisome hivi mkaona hela mnazotuma ni bure. Dawa za mama zilitokana na hela ile, na bati la nyumba hii pia, na hakuna aliyezidharau. Ila hela hainywi uji vijiko viwili ikakumbuka ilikuwa Jumatatu. Mkiweza kupiga simu, msimpigie mgonjwa peke yake. Mpigieni na anayemwosha, muulize yeye kalalaje.

Kuna kitu kimoja nimekikuta ambacho kinaniuma. Arusini siku hizi chakula kinagawiwa kwenye vile vikontena vya plastiki vya kutupa. Naelewa, kuosha vyombo ni kazi, na wanaoosha ni wanawake hao hao waliopika tangu usiku. Lakini kikontena hakina alama kitakoni. Hakirudi. Unakula, unatupa, na hakuna mtoto atakayetumwa kesho na salamu. Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa nililisema hili, nikajibiwa kwamba mimi sijaosha masufuria ya pilau miaka 14. Ni kweli. Kwa hiyo arusi mbili zilizofuata nimekwenda nikaosha, mpaka saa saba za usiku, na bado nasema vilevile.

Vyombo kumi vimeshafika kwao. Sahani ya mstari wa kijani imeshakuja kwangu mara tatu na kurudi mara tatu, na laki tano ile tumenunulia mikeka ya kikundi cha mazishi, kwa ridhaa yake. Wiki iliyopita mtoto mmoja aliniletea bakuli lenye nukta tatu nyekundu, lilikuwa kwao tangu Ramadhani ya mwisho ya mama, lilikwenda na kaimati. Ndani yake waliweka tambi za sukari. Nukta zimefifia, sijazipaka tena. Mkono wa mama uko pale.

Limebaki lile moja la udongo, jeupe, lenye nukta mbili za buluu kitakoni na ufa mdogo upande wa juu. Nimeuliza mlango kwa mlango, kuanzia barabara yetu mpaka Makorora, hakuna anayelijua. Mdogo wangu anakumbuka lilikuja na mchuzi wa samaki, aliyelileta alikuwa kijana, aliliweka barazani akaondoka kabla hajaulizwa anatoka kwa nani. Kama ni la kwenu, au unamjua mwenye alama hiyo, niambie ni mlango gani. Nitalileta mwenyewe, Ijumaa, kabla mkate haujapoa.