HB imeshuka. Damu inakwenda wapi?

Mimi ni mtu wa maabara. Nilizaliwa Kyela, kwenye mpunga na mbu, na sasa nafanya kazi Makete, ambako asubuhi za Julai maji ya bomba yanauma vidole. Kuishi sehemu hizo mbili kumenifundisha jambo ambalo natamani alijue kila anayetoka dirishani kwangu na karatasi yenye HB ndogo: ukiambiwa una upungufu wa damu, bado hujaambiwa unaumwa nini.

HB ni hemoglobini, protini yenye madini ya chuma inayokaa ndani ya chembe nyekundu na kubeba oksijeni kutoka mapafuni. Chembe moja huishi siku 120 hivi, kisha mwili huivunja, na uboho wa mifupa hutengeneza nyingine. Kwa hiyo damu hupungua kwa njia tatu: inamwagika, inavunjwa kabla ya wakati wake, au haitengenezwi ya kutosha. Mtu mmoja anaweza kuwa na zote tatu.

Kule Kyela mtoto akiletwa amepauka, wazo la kwanza ni malaria, maana vimelea vyake hupasua chembe nyekundu na HB inaweza kuanguka ndani ya siku chache. La pili ni seli mundu, hasa kama macho yana manjano, vidole vilishawahi kuvimba, na analia mifupa kila baridi ikiingia. Huku juu malaria si nyingi, lakini wagonjwa waliopungukiwa damu tunao wengi. Hapo ndipo naanza kuuliza maswali ambayo watu wanayaonea aibu. Hedhi inachukua siku ngapi? Unabadilisha pedi usiku? Choo kina rangi gani? Shambani unavaa viatu? Minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya miguu, hushuka hadi utumbo mwembamba na kunyonya damu kidogo kidogo kwa miaka.

Dalili huja polepole, mwili unazizoea. Mama akihema akipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani, anasema ni mlima. Lakini mlima ni uleule wa mwaka jana! Angalia ndani ya kope ya chini na kwenye mistari ya viganja kama pamekuwa peupe. Sikiliza moyo kama unadunda hata ukiwa umekaa. Kizunguzungu ukiinuka, kucha kubonyea katikati, na hamu ya kutafuna udongo au mchele mbichi ni za kuchukuliwa kwa uzito. Mjamzito anayekula udongo asichekwe, apimwe.

Kuhusu kupima nina msimamo mkali. Kidole cha baridi hakitoi damu vizuri, na kikiminywa sana majimaji ya mwilini huchanganyika na tone, HB ikasomeka chini kuliko ilivyo. Ndiyo maana mgonjwa wangu anapasha mikono kwanza, na tone la kwanza nalifuta.

Halafu kuna suala la mwinuko, ambalo kwetu Nyanda za Juu halisemwi vya kutosha. Hewa ya juu ina oksijeni kidogo, hivyo mwili wenye afya hutengeneza hemoglobini zaidi ili kufidia. Kiwango tunachokariri, gramu 12 katika kila desilita ya damu kwa mwanamke asiye mjamzito, 11 kwa mjamzito katika miezi mitatu ya mwanzo, 13 kwa mwanaume, ni cha watu wa pwani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unataka kiongezwe gramu 1.1 kwa anayeishi kati ya mita 1,500 na 1,999, na 1.4 kati ya mita 2,000 na 2,499. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700. Basi dada wa Mbeya mwenye HB 12.4, anayeambiwa yuko sawa huku akilalamika uchovu, kwa hesabu hiyo yuko chini ya 13.1. Ana haki ya kuchunguzwa zaidi.

Baada ya HB nataka kujua ukubwa wa chembe. Kawaida ni femtolita 80 hadi 100 (femtolita ni kipimo cha ujazo mdogo mno). Zikiwa ndogo na zimepauka katikati, mara nyingi chuma kimepungua, ingawa talasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, nayo hufanya hivyo. Zikiwa kubwa, nafikiria upungufu wa vitamini, yaani foleti au B12, hasa mtu akisema nyayo zinakufa ganzi. Nafikiria pia pombe, na baadhi ya dawa za VVU. Zikiwa za ukubwa wa kawaida, pengine ni figo, kifua kikuu au ugonjwa mwingine wa muda mrefu. Akiba ya chuma hupimwa kwa ferritini, protini inayohifadhi chuma, ila ferritini hupanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, kwa hiyo inaweza kuonekana nzuri wakati akiba imekwisha.

Rozela na bitiruti kunywa, havina ubaya. Wekundu wake si chuma. Chuma kinachoingia mwilini kwa urahisi kiko kwenye maini, nyama, dagaa na usipa. Cha maharage na mchicha huingia kidogo, lakini limau au chungwa kwenye mlo huohuo hukisaidia sana. Chai hukizuia. Najua naandikia watu wa Rungwe na Mufindi, chai ni jasho lenu, basi inyweni saa moja au mbili baada ya chakula, na msiitumie kumezea FEFO, vidonge vya chuma na foleti. Vidonge hivyo vitafanya choo kiwe cheusi, usiogope. Usiviache HB ikipanda tu. Kwa kawaida huendelea miezi kama mitatu zaidi ili akiba ijae.

Nimemwona baba wa makamo aliyemeza FEFO mwaka mzima, HB inapanda na kushuka, bila mtu kumuuliza kuhusu tumbo lake. Alikuwa na kidonda cha tumbo kinachovuja. Mwanaume, au mama aliyekoma hedhi, akikutwa amepungukiwa chuma, lazima tumbo na utumbo vichunguzwe, kwani hata saratani huanza hivyo. Ukiandikiwa vidonge, muulize daktari palepale: damu yangu inakwenda wapi? Na mjamzito mwenye HB chini ya 7, au mtoto aliyepauka na anayehema haraka, apelekwe hospitali leo, hata kama ni usiku.