Nehemia 8, kabla ya chai

Tangu Jumatatu nilikuwa nimeishiwa nguvu, na Biblia yangu ilikaa mezani bila kufunguliwa.

Alfajiri ya leo bibi, ambaye macho yake hayaoni tena maandishi, aliniomba nimsomee Nehemia sura ya 8, pale Ezra anaposoma torati tangu mapambazuko hadi adhuhuri na watu wote wanasimama, wakilia kwa yale wanayoyasikia.

Nilipoufikia mstari wa 10, "furaha ya BWANA ni nguvu zenu", midomo yake ilikuwa imekwisha kunitangulia.

Chai ilipoa.

"Endelea, mjukuu wangu, bado nina njaa."

Njaa yake ikaniingia. Nikaimaliza na sura ya 9, mistari yote 38, kwa furaha niliyokuwa nimeisahau.

Ndugu zangu, ni sura ipi iliyowashibisha wiki hii?